Dario Fo: mchekeshaji wa Italia aliyewasumbua wakubwa

Dario Fo alikuwa muigizaji, mchekeshaji na mwandishi wa michezo ya kuigiza wa inchi ya Italia. Alizaliwa tarehe 24 mwezi wa 3 mwaka 1926, akafariki mjini Milan tarehe 13 mwezi wa 10 mwaka 2016, akiwa na miaka 90. Mwaka 1997 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Kwa zaidi ya miaka 60 alichekesha watu juu ya mambo ambayo wenye nguvu hawakutaka yasemwe: vifo vya wafanyakazi, uongo wa polisi, bei za vitu, mali ya wakubwa wa dini. Kazi hiyo ilimletea sifa, lakini yeye na mke wake waliilipia bei kali.

Utoto pembeni ya ziwa

Fo alizaliwa Sangiano, kijiji kidogo karibu na ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia, si mbali na mpaka wa Uswisi. Baba yake, Felice, alikuwa mkubwa wa gare ya treni, na juu ya kazi hiyo familia ilihamahama. Mama yake, Pina Rota, alitoka katika familia ya wakulima. Babu yake alizungusha mboga vijijini, na ili wanunuzi wamkaribie aliwapigia hadithi za kuchekesha juu ya mambo ya palepale. Wavuvi na mafundi wa vioo wa pembeni ya ziwa nao walikuwa mabingwa wa hadithi. Fo alisema kama hao ndio walimu wake wa kwanza.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, baba yake alisaidia wakimbizi na askari waliotoroka kuvuka mpaka kwenda Uswisi. Dario mwenyewe, akiwa kijana, aliingia katika jeshi la serikali ya Mussolini, kisha akalitoroka na kujificha. Jambo hilo halikusahauliwa. Miaka ya 1970 wapinzani wake walilirudisha hadharani, naye alijibu kama aliingia ili familia yake isishukiwe.

Redio, kisha televisheni

Baada ya vita alisomea uchoraji na ujenzi mjini Milan, lakini aliacha masomo ya ujenzi mbele ya kuyamaliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipata kipindi ku redio ya taifa, RAI. Alisimulia upya habari za Kaini na Abeli, Daudi na Goliati, lakini kwa kuzipindua: yule tunayemzoea kuwa mbaya ndiye alionekana mnyonge. Watu walicheka, wakubwa wa redio hawakucheka, na kipindi kikasimamishwa.

Mwaka 1954 alimuoa Franca Rame, muigizaji aliyezaliwa katika familia ya wasanii waliozunguka miji na vijiji. Franca hakuwa msaidizi tu. Aliandika pamoja naye, alisahihisha maandishi, aliongoza kikundi.

Mwaka 1962 wote wawili walipewa kuongoza Canzonissima, kipindi cha televisheni kilichotazamwa na watu wengi sana. Walitaka kuonyesha bosi wa ujenzi ambaye hataki kutoa pesa ya usalama, huku wafanyakazi wake wanaanguka na kufa. RAI ikaamuru mchezo huo ukatwe. Fo na Rame walikataa, wakatoka. Tangu hapo mlango wa televisheni ya taifa ulifungwa kwao kwa karibu miaka 15.

Mtu mmoja, nguo nyeusi

Mwaka 1968 waliacha kumbi za matajiri. Walianza kucheza katika nyumba za mikutano za wafanyakazi, viwanja vya michezo na viwanda vilivyoshikwa na wagomaji.

Hapo ndipo ulizaliwa Mistero buffo, mwaka 1969. Fo anasimama peke yake, nguo nyeusi, bila mapambo yoyote, na kugeuka watu kumi na tano kwa wakati mmoja: Papa, mlevi, maskini mwenye njaa anayeota anakula. Alifuata njia ya wachekeshaji wa zamani wa Ulaya waliozunguka masoko. Alitumia pia kinachoitwa grammelot: sauti zinazofanana na lugha, lakini si maneno ya kweli. Kwa sauti, uso na mikono, mtazamaji anaelewa yote. Mchezo huo ulipoonyeshwa ku televisheni mwaka 1977, Vatikano ilikasirika sana.

Mtu aliyeanguka kutoka dirishani

Tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka 1969, bomu lililipuka katika benki moja ya Piazza Fontana, Milan. Watu 17 walikufa. Polisi walikamata wanarkisti, yaani watu wasiokubali utawala wa serikali yoyote. Mmoja wao, Giuseppe Pinelli, mfanyakazi wa treni, alianguka kutoka etaji ya nne ya jengo la polisi wakati wa kuhojiwa, akafa. Polisi walisema alijiua, lakini maelezo yao yalibadilika mara kwa mara. Mwaka 1975 hakimu aliamua kama hakujiua wala hakuuawa, bali alipatwa na hali mbaya ya ghafula. Miaka mingi baadaye tribinali zilionyesha kama bomu lile lilitoka kwa kikundi cha siasa kali ya kulia.

Mwisho wa mwaka 1970, Fo alitoa mchezo Morte accidentale di un anarchico, maana yake kifo cha ajali cha mwanarkisti. Mwenda wazimu mmoja anajifanya hakimu, anaingia polisi na kuwaomba wakubwa waeleze upya namna mtu alivyoanguka. Kila wakieleza, uongo unajifunga wenyewe. Ili kujikinga, Fo alisema mchezo unahusu mtu mwingine, Andrea Salsedo, aliyeanguka vilevile New York mwaka 1920. Lakini kila mtazamaji alielewa.

Vichekesho hivyo vilisimama juu ya karatasi za kweli. Fo alitumia maelezo ya polisi na ya tribinali, na kesi iliyokuwa inaendelea ilipoleta jambo jipya, alibadilisha maandishi. Mchezo ukiisha, watu walibaki ndani kujadiliana.

Bei aliyolipa Franca

Mwezi wa 3 mwaka 1973, watu wa siasa kali ya kulia walimteka Franca Rame mjini Milan, wakampiga na kumbaka. Hakuna aliyeadhibiwa. Baada ya miezi michache alirudi jukwaani. Miaka iliyofuata aliandika Lo stupro, mchezo wa mtu mmoja juu ya ubakaji, akaucheza mwenyewe mbele ya watu. Mwaka 2006 alichaguliwa seneta. Alifariki mwaka 2013.

Nobel na miaka ya mwisho

Mwaka 1974 Fo alitoa Non si paga! Non si paga!, juu ya wanamama wanaokataa kulipa bei iliyopanda dukani. Mwaka 1980 Marekani ilimnyima visa. Mwaka 1995 aliugua kiharusi na kupoteza sehemu kubwa ya kuona kwake, lakini alirudi kazini. Miaka miwili baadaye ikaja Nobel. Wanaotoa tuzo walisema anafuata wachekeshaji wa zamani katika kuwachapa wenye mamlaka na kutetea heshima ya wanaokandamizwa. Gazeti la Vatikano lilishangaa. Pesa ya tuzo, Fo na Franca waliitoa kusaidia walemavu.

Michezo yake bado inachezwa katika inchi nyingi. Ule wa mwanarkisti mara nyingi hubadilishwa: wasanii huweka ndani yake majibu ambayo polisi wa kwao wametoa juu ya watu waliokufa mikononi mwao.