Mwenye Kujua na Mwenye Kuuliza: Jozi ya Wapelelezi Wasiolingana na Wasomaji Wake

Mnamo Desemba 1893, jarida la The Strand la London lilichapisha hadithi ambamo Arthur Conan Doyle alimtosa mpelelezi wake, Sherlock Holmes, katika maporomoko ya maji ya Reichenbach, huko Uswisi. Wasomaji walihamaki. Wapo waliomwandikia mtunzi barua za kumshutumu, na katika tawasifu yake ya mwaka 1924 Doyle aliikumbuka mojawapo iliyoanza kwa tusi. Ghadhabu hiyo imesimuliwa mara nyingi. Lisilosimuliwa sana ni kwamba hakuna msomaji aliyemwona Holmes akifa. Habari za kifo zilitoka kwa Daktari Watson, rafiki na msimulizi wake, ambaye naye hakukishuhudia: alikuwa amelaghaiwa kwenda kumtibu mgonjwa asiyekuwapo, na aliporudi alikuta fimbo, nyayo na barua. Akahukumu kwa alivyoviona, akakosea. Na msomaji akakosea pamoja naye. Mwaka 1903 Doyle alipoamua kumrejesha Holmes, hakulazimika kufufua maiti. Kosa la Watson lilikuwa limemwachia mlango wazi.

Kisa hicho chafaa kutangulia mjadala wowote kuhusu jozi ya wapelelezi wasiolingana, kwa kuwa hukumu ya wasomaji juu ya jozi hiyo kwa kawaida huwa nyepesi: mmoja ana akili, mwenzake hana. Hata wanafani wenyewe waliitia nguvu hukumu hiyo. Ronald Knox, kasisi aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya za upelelezi, alipoorodhesha mwaka 1929 kanuni kumi za utanzu huo, alidai kwamba rafiki mjinga wa mpelelezi asimfiche msomaji wazo lolote linalompitia kichwani, na kwamba akili yake iwe chini kidogo, kidogo sana, ya ile ya msomaji wa kawaida. Kanuni hiyo ina utani ndani yake, lakini imeligusa jambo la msingi: Watson amepimwa kwa kimo cha msomaji.

Sinema ndiyo iliyoharibu mizani. Kuanzia 1939 hadi 1946, Basil Rathbone na Nigel Bruce waliigiza filamu 14 za Holmes na Watson, na Bruce akamfanya daktari huyo mzee wa kubabaika na kuchekesha. Wasomaji wengi waliozaliwa baadaye walivifungua vitabu wakiwa wamekwisha kumcheka. Watson wa vitabuni ni mtu mwingine. Ana shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha London, amekwenda vitani Afghanistan, amejeruhiwa kwenye mapigano ya Maiwand. Katika riwaya ya kwanza, ya mwaka 1887, ni yeye anayeshangaa kugundua kwamba Holmes hajui kuwa dunia hulizunguka jua. Kutolingana kwao, kwa hiyo, hakukuwa kwa upande mmoja hata mara moja. Holmes anajua majivu ya tumbaku na udongo wa mitaa ya London. Watson anajua yale ambayo kila mtu aliyesoma anatarajiwa kuyajua.

Chanzo cha jozi hiyo kinaeleza mengi. Doyle alisomea udaktari Edinburgh, ambako alikuwa karani wa Joseph Bell, daktari aliyeweza kumtazama mgonjwa na kutaja kazi yake na alikotoka kabla hajafungua kinywa. Kitabu cha hadithi cha mwaka 1892 kimetabarukiwa kwa mwalimu huyo. Bell ndiye aliyekuwa kielelezo cha Holmes. Na Doyle, daktari mwanagenzi aliyesimama kando akistaajabu, alijitengea kiti cha Watson. Mtunzi hakumdharau mwenye kuuliza, maana alikuwa yeye mwenyewe.

Ushahidi mzito zaidi umo katika muundo. Kati ya hadithi 60 alizoandika Doyle juu ya Holmes, riwaya nne na hadithi fupi 56, ni nne tu ambazo hazisimuliwi na Watson. Mbili, zote za mwaka 1926, husimuliwa na Holmes mwenyewe, na katika mojawapo anakiri kwamba sasa ameonja ugumu wa kumvutia msomaji. Ugumu huo waeleweka. Mwenye kujua akisimulia, atafanya moja kati ya mawili: ama aseme alijualo, na hadithi iishie ukurasa wa pili, ama alifiche kwa makusudi, na msomaji ahisi amechezewa. Watson haimpasi kuficha kitu, kwa sababu hajui.

Jozi ya namna hii ilifika Unguja kwa kalamu ya Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti mwaka 1948, Abdulla alitumikia idara ya afya kama mkaguzi kwa miaka kumi. Na mkaguzi wa afya ni mtu anayelipwa kuingia nyumba za watu na kutazama wasichopenda kitazamwe. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata zawadi ya kwanza katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Ndani yake mwenye mali amekutwa amekufa penye mzimu, na Bwana Msa, mvuta kiko, anautafuta mkono wa binadamu pale ambapo wengine wanauona wa mizimu. Mwandani wake ni Najum.

Wahakiki wameona upesi kwamba Bwana Msa ni Holmes aliyevishwa kanzu, na Najum ni Watson. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Waingereza wawili wale huitana kwa majina ya ukoo, Holmes na Watson, kama ilivyokuwa ada ya wanaume wa tabaka lao. Usawa wa majina huficha tofauti ya vipawa. Kwa Kiswahili cha Unguja pazia hilo halipo. Msa hatajwi na wasomaji bila "Bwana" wake, hata jalada la kitabu limeliweka pamoja na jina. Najum hubaki Najum. Heshima imekwisha kugawanywa kabla upelelezi haujaanza, na msomaji hahitaji kuambiwa nani atafafanua na nani atauliza.

Hapa ndipo dai la mwigo mtupu linapopungua nguvu. Katika mazungumzo ya barazani, mwenye kuuliza si lazima awe mjinga. Aghalabu yeye ndiye anayemfanya mwenye kujua aseme, na bila swali lake mzee hunyamaza na kahawa yake. Utamu wa mazungumzo ya Abdulla, unaosifiwa hata na wasiojali nani aliua, umo katika mvutano huo wa maswali na majibu. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza kuvuma kwa Kufa na Kupona (1974), ni jasusi wa vitendo na safari; humvutia msomaji kwa kasi, na hana haja ya mtu wa kumweleza fikra zake. Pengine ndiyo sababu sauti yake haikai sikioni kama ya Bwana Msa.

Baada ya Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo, ilitoka mwaka 1984 riwaya ambayo jina lake peke yake lingetosha kumshtua msomaji wa miaka mingi, aliyezoea kukosea pamoja na Najum na kusahihishwa pamoja naye. Abdulla aliiita Kosa la Bwana Msa.