UZI: Kwa nini watoto wa Kitengela wanafika kabla ya mpango wao

1/ Siasa zikipamba moto hapa Kajiado, hoja ni zilezile. Mmoja anasema kaunti imewasahau watoto wa Kitengela. Mwingine anajibu kwamba shule ni kazi ya Nairobi. Wa tatu anauliza basari za vijana zilienda wapi. Mimi ni mkazi wa Kitengela na naona tunabishana bila kujua tulikotoka. Twende pole pole. Sitataja mtu wala chama.

2/ Kwanza, nani anafanya nini? Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Elimu ya chekechea, politekniki za vijiji na vituo vya kulelea watoto ni kazi ya kaunti. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo anayewania ugavana akikuahidi shule ya sekondari, muulize atatumia sheria gani. Anayewania ubunge akikuahidi kuajiri walimu wa nasari, muulize hivyo hivyo.

3/ Mgawanyo huu si mgeni, tulishawahi kuwa na kitu kama hicho. Baada ya uhuru, mabaraza ya kaunti ndiyo yaliyosimamia shule za msingi, zahanati na barabara za mashinani. Letu liliitwa Olkejuado, neno la Kimaasai la mto mrefu, ndilo lililozaa jina Kajiado. Mabaraza mengi nchini yakalemewa na gharama, hasa mishahara ya walimu. Mwaka 1969 Bunge likapitisha sheria ya kuyapokonya kazi hizo tatu, na kuanzia 1970 zikahamia Nairobi.

4/ Fikiria maana yake. Kwa zaidi ya miaka 40, baraza lililokuwa karibu na mtoto halikuwa na usemi juu ya shule yake. Lilibaki na soko, ushuru wa mifugo, vibali na ardhi. Hasa ardhi. Nitairudia hapo chini, kwa sababu ndiyo kiini cha uzi huu.

5/ Nasari nayo haikuwa na mwenyewe. Zilianzishwa kwa harambee, chini ya mti, kanisani, kwenye ukumbi wa kijiji. Mwaka 1980 Wizara ya Elimu ilikabidhiwa usimamizi wa elimu hiyo, lakini mzazi ndiye aliyeendelea kumlipa mwalimu. Elimu bila malipo ilipokuja Januari 2003, ilianzia darasa la kwanza. Mtoto wa miaka minne aliachwa nje. Kuna wazazi waliona afadhali wamngojeshe nyumbani mpaka afikishe umri wa kwenda shule ya bure.

6/ Na vijana? Mwaka 1966 baraza la makanisa la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza: baada ya shule, nini? Wengi walikuwa wakimaliza shule ya msingi bila kazi wala nafasi ya sekondari. Jibu likawa politekniki za vijiji, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 60: useremala, uashi, ushonaji. Hizo ndizo leo kaunti inaziita vyuo vya mafunzo ya ufundi. Karibu miaka 60 imepita na swali la ripoti ile bado linaulizwa kwenye kila steji ya boda hapa mjini.

7/ Sasa turudi kwa ardhi. Sheria ya 1968 ilifanya malisho mengi ya Wamaasai yawe ranchi za kikundi. Ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata hati yake. Sheria ya kuanzisha maeneo ya viwanda vya kuuza nje ikapita 1990, na EPZ ikajengwa hapo Athi River. Wafanyakazi wakahitaji nyumba. Nairobi ikawa ghali. Ardhi ya malisho ikaanza kukatwa hamsini kwa mia.

8/ Hesabu ni rahisi. Ekari moja inatoa ploti nane za hamsini kwa mia, ukiacha barabara. Mtu ananunua ekari tano, anakata, anauza, anaondoka. Jirani yake anafanya vivyo hivyo. Kila mmoja kivyake ni mdogo mno kutoa shamba la shule au uwanja wa mpira. Wote kwa pamoja wamejenga mji. Kazi ya kuwaunganisha na kusema “hapa patabaki pa umma” ilikuwa ya baraza, na baraza hilo halikuwa na jukumu la shule tangu 1970. Aliyejua mahitaji ya shule alikuwa Nairobi, mwenye mamlaka juu ya ramani alikuwa Kajiado.

9/ Ndiyo maana leo unaona shule ya kibinafsi kwenye nyumba iliyojengwa kuwa ya kupanga, na watoto wakicheza barabarani kati ya matangi ya maji na pikipiki. Ndiyo maana mama wa EPZ anamwacha mtoto wa miezi sita kwa jirani anayelea watoto kumi kwenye chumba kimoja. Simlaumu jirani huyo, anafanya kazi ambayo Katiba imeiandika kwa jina la kaunti.

10/ Halafu kuna idadi ya watu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 Kajiado. Ile ya 2019 ilipata 1,117,840. Mji wa Kitengela peke yake ulipita 150,000. Fomula mbili za kwanza za kugawia kaunti pesa zilitegemea sensa ya 2009. Ya tatu, iliyoanza mwaka wa fedha wa 2020/21, ndiyo iliyochukua hesabu ya 2019.

11/ Chukua mtoto aliyezaliwa Kitengela mwaka 2010. Alihesabiwa Agosti 2019 akiwa na miaka tisa. Pesa zinazomtambua zikaanza kuja akiwa na kumi. Nasari ni miaka minne na mitano. Maisha yake yote ya nasari yalipita kabla fomula haijajua kwamba yupo. Kweli, wapangaji hutumia makadirio katikati ya sensa. Lakini makadirio hayaongezi mgao, na katika mji unaokua kwa kuhamiwa, makadirio huachwa nyuma na malori ya kuhamisha vitu.

12/ Kuna wanaosema basi pesa zote zije mjini. Hapana. Kajiado ina zaidi ya kilomita mraba 21,000. Kitengela shida ni nafasi. Kule Mashuuru na Magadi shida ni umbali: boma moja huku, lingine kule, na ukame ukibisha familia inafuata malisho na mtoto anafuata familia. Darasa la mawe haliwezi kuhama. Kwa hivyo ile hoja ya “kila wadi ipate madarasa sawa”, zote 25, inasikika ya haki lakini haitibu ugonjwa wa upande wowote.

13/ Na basari? Wanasiasa wanazipenda kwa sababu hundi inapigwa picha. Lakini sekondari na chuo kikuu si kazi ya kaunti. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti alitoa waraka kwamba kaunti zisilipie kazi za serikali kuu bila makubaliano rasmi, na jambo hilo likaishia mahakamani. Mimi sipingi kijana kusaidiwa karo. Nasema shilingi iliyotoka kwenye mfuko wa kaunti ilikuwa na mwenyewe mwingine, ana miaka minne na hapigi kura.

14/ Sasa ya kufanya. Mpango wa kaunti una kalenda, na kalenda haifuati mikutano ya hadhara. Mpango wa miaka mitano, ule CIDP, wa sasa ni 2023–2027. Mpango wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Kuna vikao vya maoni ya wananchi njiani. Ukienda Juni kulalamika, unakuta chakula kishaivishwa.

15/ Ukifika kikaoni, acha “tunataka maendeleo.” Uliza haya:
– Ni ploti zipi Kitengela zimesajiliwa kuwa za umma kwa nasari, na hati ziko wapi?
– Ardhi ikigawanywa leo, nani anakagua kama sehemu ya umma imetolewa?
– Vituo vya kulelea watoto wachanga vimetengewa kiasi gani?
– Chuo cha ufundi kilicho karibu kina walimu wangapi, na kinafundisha kazi zinazopatikana hapa?

16/ Swali la pili ndilo lenye haraka. Darasa likikosekana mwaka huu, litajengwa mwaka ujao. Mwalimu anaweza kuajiriwa baadaye. Shamba la shule likishauzwa na ghorofa ikasimama, kulirudisha ni kununua kwa bei ya leo au kubomolea watu nyumba. Kuelekea Isinya bado kuna nyasi, na vigingi vya ploti vinapigwa kila wiki.

17/ Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na mpango mpya wa miaka mitano utaandikwa baada yake. Mtu akikuomba kura hapa Kajiado, mwonyeshe ramani ya mtaa wako na umwambie aweke kidole mahali nasari itakapojengwa. Ukiwa na maswali yaliyoulizwa kwenye wadi yako, yaandike hapa chini pamoja na jibu mlilopewa. Tuyakusanye.