Kabla ya Skype: Safari Ndefu ya Vijana Kujifunza Kiingereza kwa Kutazamana

Mwaka 1988 shule 12 za jimbo la New York na shule 12 za Moscow ziliunganishwa kwa kompyuta na nyaya za simu. Vita Baridi ilikuwa haijaisha, na makombora ya kila upande bado yalielekezwa kwa mwenzake. Vijana wa shule hizo walipewa vifaa viwili. Cha kwanza kilikuwa baruapepe, ambayo wakati huo hata wazazi wao wengi walikuwa hawajaisikia. Cha pili kilikuwa simu ya picha: chombo kilichotuma picha moja moja zisizosogea, nyeusi na nyeupe, kupitia laini ya kawaida ya simu. Picha ilijichora taratibu juu ya kioo kwa sekunde kadhaa, na aliyekaa mbele ya kamera alipaswa kutulia kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Kulikuwa pia na shida ya saa. New York ikiwa saa tatu asubuhi, Moscow ni saa kumi na moja jioni. Darasa moja linaingia kipindi cha kwanza, jingine limekwisha kurudi nyumbani na kuombwa lirejee shuleni. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam akikokotoa ataona kwamba wakati wa majira ya baridi ya New York, sisi na jiji hilo tumetenganishwa na saa hizohizo nane, jambo ambalo mwalimu yeyote wa huku aliyewahi kupanga kikao cha video na shule ya Marekani analijua bila kukokotoa.

Mradi huo ulianzishwa na Peter Copen, mfanyabiashara wa New York, kupitia mfuko wa familia yake, kwa kushirikiana na Chuo cha Sayansi cha Umoja wa Kisovyeti. Ndio uliozaa mtandao wa iEARN, ambao hadi leo unaunganisha shule katika zaidi ya nchi 100. Mtu anaweza kusema kwamba hapo ndipo mabadilishano ya video kati ya wanafunzi wa mataifa yalipoanza. Kwa vifaa, huenda ni kweli. Kwa wazo lenyewe, lazima turudi nyuma miaka zaidi ya sitini, kwenye shule ya kijiji huko Ufaransa.

Mwalimu Célestin Freinet alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na jeraha la risasi kifuani. Alipopangiwa shule ya Bar-sur-Loup, kijiji cha milimani kusini, hakuwa na pumzi ya kusimama mbele ya watoto na kuhutubia kutwa nzima, na mwenyewe alisema udhaifu huo ulimlazimisha kutafuta njia nyingine ya kufundisha. Alinunua mtambo mdogo wa kupigia chapa. Watoto wakawa wanaandika habari zao, wanapanga herufi za risasi kwa vidole vyao, wanachapa. Ila kitu kilichochapwa kinahitaji msomaji, na mwalimu si msomaji wa kweli, kwani yeye hulipwa kusoma.

Katikati ya miaka ya 1920 alimpata mwenzake, mwalimu René Daniel, aliyefundisha huko Bretagne, upande wa pili wa Ufaransa, kwenye pwani ya Atlantiki. Madarasa hayo mawili yakaanza kutumiana kurasa zilizochapwa, barua na vifurushi vya vitu vya kwao. Mtoto wa milimani akawa anauliza maswali kuhusu bahari na akajibiwa na mtoto anayeishi kando yake. Aliyezoea kuandika insha ya kumridhisha mwalimu sasa alilazimika kuandika kitu ambacho mgeni angekielewa, maana asipoeleweka, barua inayorudi itakuja na maswali badala ya majibu. Ninaamini kila kilichofuata katika historia hii, pamoja na setilaiti na simu za mkononi, ni marudio ya ugunduzi huo mmoja.

Hata picha za kusogea zilikuwamo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walimu wa kundi la Freinet walikuwa wakiazimana filamu ndogo za Pathé-Baby, zenye upana wa milimita 9.5, na wengine wakawa na kamera zake. Ushirika wao wa awali ulihusu filamu hizo. Na walipotaka kuvuka mipaka ya Ufaransa waliandikiana na shule za nje kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili isiwe ya taifa lolote. Kila upande ungekutana na mwenzake katikati, hakuna mwenyeji na hakuna mgeni. Kiingereza hakikuwa na nafasi yoyote katika mpango huo.

Kiingereza kilikuja na biashara, vita na redio, na kufikia miaka ya 1950 kilikuwa kimekwisha shika uandikianaji wa barua wa vijana. Kule Turku, Finland, shirika la International Youth Service lilianzishwa mwaka 1952, likawa linaunganisha vijana wa mabara yote kwa kuwatumia majina na anwani, hadi lilipofunga mwaka 2008. Kizazi kilichosoma Afrika Mashariki enzi hizo kinamkumbuka rafiki wa kalamu: bahasha ya ndege yenye mistari myekundu na ya buluu, stempu iliyochunwa kwa mvuke wa birika, na Kiingereza kilichopitiwa mara tatu kabla ya kunakiliwa kwa mwandiko mzuri. Barua ilichukua wiki nyingi, na kwa mwanafunzi wa lugha kungoja kule kulikuwa na faida yake. Uliweza kufikiri, kufungua kamusi, kumwuliza kaka. Mbele ya kamera hupati nafasi hiyo.

Sasa turudi kwa Wamarekani na Wasovyeti. Novemba 1982 Samantha Smith, msichana wa miaka 10 wa jimbo la Maine, alimwandikia Yuri Andropov, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, barua kumwuliza kama atapigana vita au la. Andropov alimjibu Aprili 1983, akamwalika, na Julai mwaka huohuo msichana huyo alikuwa katika kambi ya watoto ya Artek, Crimea, akiogelea na kuimba na wenzake. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1985, akiwa na miaka 13. Wakati huohuo walijitokeza watu waliokuwa wakijenga kilichoitwa daraja la angani. Septemba 1982 umati kwenye tamasha la muziki California ulionyeshwa mubashara umati wa vijana katika studio ya Moscow, kwa setilaiti, na wao wakaonyeshwa wa California. Desemba 1985 ikawa zamu ya watu wazima, Leningrad na Seattle, wakiongozwa na watangazaji Phil Donahue na Vladimir Pozner, na maswali yakawa makali kweli.

Madaraja hayo yalikuwa ghali na yaliishia kuwa vipindi vya televisheni. Alichofanya Copen ni kukishusha kitu hicho hadi kwenye bei ya simu na kukiweka mikononi mwa walimu. Na hapo walimu wakagundua jambo ambalo Freinet angewaambia bure: salamu huisha haraka. Ukishajua mwenzako ana umri gani na anapenda muziki gani, siku ya tatu huna la kusema. Miradi iliyodumu ilikuwa na kazi ndani yake. Vijana wa iEARN walitoa jarida la fasihi lililoitwa A Vision, wengine wakatoa An End to Intolerance kuhusu mauaji ya kimbari, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengine wakachangisha fedha za kujenga pampu za maji za kamba vijijini Nicaragua. Ubishi kuhusu shairi lipi liingie na lipi liachwe ulifanya kazi kubwa kuliko mazoezi ya sarufi, kwa sababu mtu anayetaka kushinda hoja hutafuta neno hadi alipate. Mwaka 1994 walimu wa nchi mbalimbali walikutana Puerto Madryn, Argentina, na kuufanya mtandao huo kuwa wao wenyewe.

Video yenyewe ilipata miguu mwaka 1992, Tim Dorsey wa Chuo Kikuu cha Cornell alipoandika programu ya CU-SeeMe kwa kompyuta za Macintosh. Picha yake ilikuwa ya kijivu, ndogo, nukta 160 kwa 120, na mwanzoni haikuwa na sauti. Mwaka uliofuata shule za California, Tennessee, Virginia na London ziliitumia katika mradi wa Global Schoolhouse, wanafunzi wakijadili uchafuzi wa maji wa maeneo yao. Nyuso zilitembea kwenye kioo na maneno yakapita kwenye simu ya kawaida iliyowekwa pembeni.

Afrika Mashariki ilikuwa wapi? Ilikuwa inangoja waya. Mwaka 1997 mpango wa World Links wa Benki ya Dunia ulianza kuunganisha shule za sekondari za Uganda na intaneti, na walimu wa huko wakawa kati ya wa mwanzo ukanda huu kufanya miradi ya pamoja na shule za nje. Lakini mawasiliano yote yalipitia setilaiti, kwa bei kubwa na kwa mwendo wa kobe. Baruapepe ilipita, video haikupita. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM uliwashwa ukiwa umetia nanga Mombasa na Dar es Salaam, ukafuatwa na mikongo ya TEAMS na EASSy, na ndani ya miaka michache mwanafunzi wa Nairobi aliweza kumwona mwanafunzi wa Osaka bila mtu yeyote kupiga hesabu ya dola kwa dakika. Hesabu za mradi wa kimataifa wa shule ziliamuliwa zaidi na meli ya kutandaza mkongo kuliko zilivyoamuliwa na wizara yoyote.

Skype, iliyoanza mwaka 2003 na kupata video mwaka 2006, iliikuta dunia tayari. Ulaya ilikwisha kuzindua eTwinning mwaka 2005 kuunganisha shule zake. Mwaka 2011 Skype ikafungua huduma maalumu ya walimu, na mchezo mmoja ukaenea kila bara: madarasa mawili yanaonana lakini hayaambiwi yako wapi, na kila upande unauliza maswali ya ndiyo au hapana hadi ujue mwenzake yuko nchi gani. Mko kusini mwa ikweta? Mna pwani? Ni mchezo mzuri sana wa mwanzo. Tatizo ni pale shule zinapoufanya mwanzo na mwisho, bendera zikapeperushwa, wimbo ukaimbwa, picha ikapelekwa kwenye ukurasa wa shule, basi. Kijana ametamka sentensi mbili za Kiingereza alizokaririshwa tangu Jumatatu.

Mfano uliokwenda mbali zaidi uko hapahapa kwetu. Mwaka 2015 Koen Timmers, mwalimu wa Ubelgiji, alianza kutoa masomo kwa Skype kwa wakimbizi wa kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kisha akawavuta walimu wa kujitolea wa nchi nyingi kufanya hivyohivyo. Kompyuta ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, aliituma. Ninavutiwa zaidi na upande ambao hausimuliwi sana: kwamba wanafunzi wa Ulaya na Marekani waliokuwa kwenye kioo walikuwa wakifundishwa na wenzao wa Kakuma maana ya kuishi ukimbizini, na vijana wa Kakuma, wengi wakiwa wanaijua lugha ya tatu au ya nne, hawakuwa wanyonge wa lugha kama wageni wao walivyotarajia.

Hapo ndipo ninapokuwa na ugomvi na biashara hii. Katika mabadilishano mengi Kiingereza hutiririka upande mmoja: mwenye nacho anatoa, asiye nacho anapokea na kushukuru. Wajerumani walikwisha onyesha njia nyingine. Katika miaka ya 1990, Helmut Brammerts na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bochum walipanga wanafunzi wawiliwawili kwa mfumo wa tandem, ambao masharti yake ni rahisi na hayana huruma: nusu ya muda lugha yako, nusu yangu, kila mmoja mwalimu na kila mmoja mwanafunzi. Mwaka 2006 Wabrazili wa chuo kikuu cha UNESP waliuhamishia kwenye video, wakabadilishana Kireno na lugha za wengine.

Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, Ulaya na Asia. Huko wako vijana wanaohangaika na ngeli, wasiopata mtu wa kuzungumza naye nje ya darasa. Huku kuna mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro au Kisumu, anayehitaji saa za kuzungumza Kiingereza na mtu asiyemcheka. Nusu saa huyu, nusu saa yule. Hakuna mfadhili wala msaidiwa. Vifaa havihitaji kuwa vya ajabu. Klipu ya dakika mbili iliyorekodiwa leo na kujibiwa kesho inaondoa shida ya saa nane na inarudisha ule muda wa kufikiri uliokuwa kwenye barua. Programu ya Flip ilijengwa juu ya wazo hilo, ikatumiwa na walimu wengi duniani hadi Microsoft ilipoifunga kama huduma ya kujitegemea mwaka 2024, mwaka mmoja kabla ya kuizima Skype yenyewe Mei 2025.

Ukiwauliza walimu wa sekondari kwa nini hawafanyi hivyo, kwanza watataja simu, ambazo mwanafunzi haruhusiwi kuwa nazo shuleni, kisha watataja kompyuta za maabara ambazo funguo zake zinakaa kwa mwalimu mkuu. Wakiendelea kuzungumza, sababu ya kweli hujitokeza, nayo ni mtihani. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya, kuna sehemu ya stadi za kuzungumza kwa Kiingereza, na mtahiniwa huifanya kwa kalamu: anaandika ni neno gani linalingana kwa sauti na lipi, anaeleza kwa sentensi jinsi ambavyo angelighani shairi, anajaza upande mmoja wa mazungumzo ya kubuni, kisha anafunika karatasi na kutoka chumbani bila kufungua kinywa.