Mgonjwa wa kansa wa Musumba: nani anafuata farde yake?

Musumba ni makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, katika wilaya ya Kapanga, jimbo la Lualaba. Kutoka kule mpaka Kolwezi mtu anapita Sandoa na Kasaji, na mvua ikinyesha barabara inaweza kumlaza njiani siku kadhaa. Kwa malaria au kwa kuzaa, safari hiyo si lazima: kuna vituo vya afya, na kuna lopitali ya Wamethodisti ya Samuteb palepale Kapanga. Kwa kansa mambo ni mengine, maana matibabu yake hayakai nyumba moja.

Chukua mama anayetokwa damu wakati usio wa hedhi. Muuguzi wa kituo anaangalia, anaona kidonda kwenye mlango wa kizazi. Munganga wa lopitali anakata kipande kidogo cha nyama, ndiyo biopsi, anakitia ndani ya chupa ya formalini. Chupa hiyo lazima ifike maabara ya mji mkubwa kama Lubumbashi, mtaalamu akisome kipande kwa darubini. Jibu likirudi, zinatakiwa picha za kujua ugonjwa umefika wapi, kiisha upasuaji, au kemoterapi, au mionzi. Hapo wamehusika watu watano au sita wasiojuana. Mara nyingi kinachowaunganisha ni mgonjwa mwenyewe na farde yake ya plastiki.

Farde ikilowa, au chupa ikifika bila jina, kazi inaanza upya. Jibu linaweza pia kufika lopitali wakati mama amesharudi shamba na hakuna aliyeandika namba ya simu ya jamaa yake. Yeye anangoja. Asipoitwa, anadhani ni mzima.

Na kansa haingoji. Ile ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusogea inatibiwa kwa mionzi siku tano kila juma, kwa muda wa majuma kama matano, pamoja na kemoterapi, na waganga wanataka yote yaishe ndani ya majuma nane. Mgonjwa akikatisha kwa sababu pesa ya kulala imekwisha, nguvu ya matibabu inapungua. Kwa hiyo mahali pa kulala na sahani ya bukari ni sehemu ya dawa, hata kama hakuna munganga anayeziandika kwenye ordonansi.

Ngʼambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia ilianza mwaka 2006 kuunganisha hatua hizi. Muuguzi anapaka siki ya maabara kwenye mlango wa kizazi, anangoja kama dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Ikiwa ni ndogo, inatibiwa siku ileile, mama asirudishwe nyumbani na ahadi. Mwenye ugonjwa mkubwa anatumwa mbele, na mwaka 2007 Lusaka ilipata Cancer Diseases Hospital, iliyofunguliwa na mashine za mionzi.

Mfano unaofanana zaidi na Kapanga ni Butaro, kilimani kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha kansa kilifunguliwa mwaka 2012 ndani ya lopitali ya wilaya. Mwanzoni biopsi zilisafirishwa mpaka Boston, Marekani. Mionzi haikuwapo pale, wagonjwa walipelekwa nchi jirani. Umbali haukupungua hata kilomita moja. Ila kulikuwa na watu wenye kazi ya kufuata kila jina, na msaada wa nauli na chakula.

Kuna pia wale ambao hawatapona. Uganda tangu 2004 inaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuandika morfini ya kunywa, hivyo mgonjwa wa kijijini anatulizwa maumivu akiwa kwake. Bila mpango wa namna hiyo, kurudi nyumbani ni kurudi kwenye maumivu.

Kwa familia inayoanza safari sasa: kabla ya kuondoka lopitali, ombeni karatasi yenye jina la ugonjwa, tarehe ya biopsi na namba yake, dawa zilizokwisha kutolewa, na simu ya munganga aliyewatuma. Fanyeni kopi mbili. Moja ibaki Musumba, kwa mtu anayejua kusoma na mwenye simu inayoshika rezo.