Uendeshaji wa Magari katika Barabara za Udongo Wilayani Wete Wakati wa Masika

WETE, PEMBA

Mvua za masika, ambazo hunyesha kati ya Machi na Mei, ndizo mtihani mkubwa wa kila mwaka kwa barabara za udongo za Wilaya ya Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Barabara hizo huunganisha vijiji na mji wa Wete, skuli, masoko na hospitali. Inapokatika moja, biashara inaweza kusubiri hadi kesho. Mgonjwa na mjamzito hawawezi.

Chanzo cha uharibifu

Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na ardhi yake ni ya vilima na mabonde yanayofuatana kwa karibu. Vilima hivyo havifikii mita 150 kutoka usawa wa bahari, lakini miteremko yake mingi ni mikali, na udongo wa mfinyanzi huteleza unapolowa. Maji hushuka hadi kwenye mabonde ya mpunga, ambako barabara hupita juu ya tuta au kalavati.

Barabara ya udongo hujengwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yaelekee mitaroni. Gari zito linapopita udongo ukiwa umelowa, matairi huchimba mifereji. Mvua inayofuata hutiririka ndani ya mifereji hiyo badala ya mtaroni, na kuchukua kifusi. Hivyo, safari moja ya lori inaweza kuharibu njia ya kijiji kizima, na matengenezo ya greda hayafai kufanyika mpaka udongo upungue maji.

Umuhimu wa kusubiri

Nchi zenye milima ya theluji hufuata kanuni kama hiyo. Nchini Austria, barabara ya Grossglockner, iliyofunguliwa mwaka 1935 na inayofikia mita 2,504, hufungwa majira ya baridi na kufunguliwa tena baada ya mitambo kuondoa theluji. Hata mwenye gari lenye nguvu husubiri. Kwa Wete, kusubiri saa chache baada ya mvua kubwa hutosha mara nyingi kuinusuru barabara.

Mambo ya kuzingatia kwa dereva

Safari ikiwa ni ya lazima, dereva anashauriwa:

1. Kupunguza mzigo na abiria, na kuhakikisha matairi yana meno ya kutosha.

2. Kushuka mlima kwa gia ndogo na mwendo wa taratibu. Kukanyaga breki kwa ghafla hufunga magurudumu, na gari huteleza bila kufuata usukani.

3. Kupanda mlima kwa mwendo usiobadilika, baada ya gari la mbele kufika juu.

4. Kutoingia kwenye maji yanayokwenda kasi. Maji ya kina cha sentimita 30 yanaweza kusomba gari dogo, na ya sentimita 60 husomba magari mengi, yakiwemo yanayosukumwa na magurudumu yote manne.

5. Kutokwepa tope kwa kupita shambani. Njia ya pembeni huziba mtaro, hujeruhi mizizi ya mikarafuu na kuharibu mpunga wa watu.

6. Gari likikwama, kuacha kuongeza mafuta, kwani gurudumu huzidi kuzama. Ni bora kuchimba tope mbele ya matairi, kutandika mawe au matawi makavu, kisha kuondoka taratibu. Vitu hivyo viondolewe baada ya gari kutoka.

Wajibu wa wananchi

Mitaro na midomo ya makalavati isafishwe kabla ya Machi, na taka zisitupwe humo. Mwananchi anayeona tuta limemong'onyoka au kalavati limeziba amjulishe sheha wa shehia yake mapema, ili taarifa ifike wilayani. Mahali palipokatika pawekwe alama inayoonekana kwa mbali, hasa usiku, kwa usalama wa waendesha bodaboda, baiskeli na magari ya ng'ombe, ambao nao hutegemea njia hiyo hiyo.