Kofia iliyochelewa miaka 11

Wadau, huku Mpanda barafu tunaijua kwenye juisi tu. Wenzetu wanachezea hoki juu yake, na kugongana miili ni halali.

Januari 1968, Minnesota, mchezaji mmoja wa ligi ya NHL alibanwa na wapinzani wawili, akaanguka, kichwa kikagonga barafu. Hakuwa na kofia ngumu. Siku mbili baadaye akafariki. Enzi hizo kuvaa kofia ulionekana uoga, bwana!

Sheria ilikuja 1979, tena kwa wageni tu. Wakongwe walisaini karatasi wakaendelea vichwa wazi. Wa mwisho kastaafu 1997! Na mpaka 2010 ndiyo wakakataza kumvizia mtu kichwani kwa pembeni.

Huku kwetu dogo akigongana vichwa kwenye kona, anamwagiwa maji, anaambiwa kaza, mechi inaendelea.