FEAST: Jaribio lililopinga kanuni ya dripu

FEAST ni utafiti wa kitabibu uliofanyika mwaka 2009 hadi 2011 katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu.

Kuwaongezea watoto kama hao maji mengi ya dripu kwa haraka ilikuwa kanuni iliyozoeleka katika nchi tajiri, zenye wodi za wagonjwa mahututi. Kwa watoto wa Afrika, haikuwa imepimwa ipasavyo. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.5 hivi ya walioongezewa, na asilimia 7.3 ya wasioongezewa. Jaribio lilisimamishwa Januari 2011. Watoto wenye kuharisha hawakuhusishwa. Kwao maji yangali tiba.